Kasongo Kimoja kwa Vinne

Ninyi mnaopita hapa kila Jumamosi na simu mkononi, mnanisalimia vizuri, mnaketi, halafu mnauliza: "Tata Anselmi, leo nani atashinda?" Sijui. Sikujua hata enzi zile ambapo mji mzima wa Kasongo ulinijua kama mtu wa pari, yule anayepokea dau za mpira. Mtu wa pari hahitaji kujua nani atashinda. Anahitaji kujua watu wanafikiri nini, na kwa nini wanafikiri hivyo. Mimi niliijua nusu ya kwanza ya kazi hiyo, nusu ya pili ikanichukulia mbuzi sita na karibu inichukulie mke. Nawaeleza kwa sababu naona mnaingia kwenye mambo haya macho yamefumbwa na mifuko iko wazi.

Kwenye karatasi ya kodi Mbelgiji alikuwa ameniandika mpima mpunga, na kweli nilipima mpunga kwa mwenye duka mmoja kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili baada ya misa, mpira ukichezwa, nilikuwa na meza yangu ndogo ng'ambo ya barabara ya soko, na juu yake beseni la chumvi na kikombe cha bati. Pari zetu tulicheza kwa chumvi. Faranga zilikuwa za kodi, na polisi akikukuta na faranga mezani siku ya mpira, ulikuwa na kesi ya kujibu kwa mzungu wa serikali. Ila mtu aliyekaa na beseni la chumvi anauza chumvi tu. Asiye na chumvi alileta karanga au mafuta ya mawese, tukakubaliana ni sawa na vikombe vingapi.

Nilianza na njia ya chungu, ambayo hata mtoto anaielewa. Wote wanaotaka Kasongo wanamimina huku, wote wanaotaka wageni wanamimina kule. Mpira ukiisha, walioshinda wanagawana chumvi yote, kila mmoja kwa kadiri alivyoweka, baada ya mimi kuchota changu. Timu zikitoka sare, kila mtu anarudishiwa chake. Kwa njia hiyo mwenye meza hapati hasara hata akilala usingizi.

Wenye kulalamika walikuwa wacheza pari. Siku moja seremala mmoja aliweka vikombe vyake kwa timu ya wageni asubuhi, wakati hakuna mtu mwingine aliyeitaka, akaenda nyumbani akiota gunia. Mchana ikasikika kwamba kipa wa Kasongo anaharisha. Mji mzima ukahamia kwa wageni. Wageni wakashinda kweli, na seremala akapewa vikombe vyake na konzi moja juu. Alisimama akiitazama ile konzi kwenye kiganja, akaniuliza kama nimemfanya kuku wa kumwagiwa konzi. Alikuwa amejua kabla ya wengine, na chungu kikamlipa sawa na waliojua mwisho.

Aliyenifundisha njia ya pili hakupenda mpira wala pari. Mama Zaina alikuwa mwanamke wa mjini, wa zile familia za Waislamu waliokaa Kasongo tangu zamani za misafara, na duka lake la mpunga lilitazamana na meza yangu. Kwake ile ilikuwa kamari, na kamari ni haramu, basi. Hakuniruhusu niweke hata mguu mmoja wa meza kwenye kivuli chake. Lakini alikuwa ameuza mpunga tangu msichana, na kuna kitu kimoja kilichomshinda kuvumilia kuliko dhambi, nacho ni bei mbaya. Akiisikia bei mbaya, hata ya kamari, alivuka barabara.

"Mimi siko ndani ya kamari yako," alikuwa akianza hivyo kila mara. "Sikuombi hata punje. Lakini mutu akikuletea mpunga asubuhi, unamwambia bei asubuhi. Humwambii angoje jioni uone wengine wameleta ngapi."

Hapo nikaanza kutaja bei. Sikilizeni vizuri, kwa sababu zile namba mnazoziona kwenye simu ni mambo haya haya. Nikikwambia kimoja kwa vinne, ninasema: weka kikombe kimoja, timu yako ikishinda uondoke na vinne, pamoja na hicho chako. Maana yake nafikiri wakikutana mara nne, hiyo timu itashinda mara moja. Wewe ukiwa na sababu ya kuamini ingeshinda mara mbili katika hizo nne, basi hiyo bei ni nzuri kwako, hata kama leo itashindwa. Ukiwa huna sababu, unanunua kelele tu.

Na chakula changu kilikuwa wapi? Chukua timu mbili zilizo sawa kabisa. Bei ya haki ni kimoja kwa viwili. Mimi sikutoa viwili, nilitoa kimoja na robo tatu. Watu wanne wakiweka kikombe kimoja kimoja huku, na wanne kule, nimeingiza vikombe vinane. Upande wowote ukishinda natoa saba. Kimoja kinabaki kwenye beseni, nacho hakina habari ya nani amefunga. Kwenye hizo simu zenu kikombe hicho kipo, ila kimefichwa vizuri. Jumlisheni siku moja mtakiona.

Shida ni kwamba watu hawaji wanne huku na wanne kule. Wanaelemea. Wakielemea upande mmoja, unashusha bei ya upande huo na kupandisha ya pili, mpaka wengine washawishike kwenda kule palipo patupu. Ndiyo maana bei inatembea mchana kutwa wakati wachezaji wenyewe bado wako nyumbani wanakula ugali. Bei inahesabu watu. Haijaona miguu ya mtu.

Mama Zaina aliniongezea jambo moja ambalo ndilo la maana kuliko yote. Alisema watu wananunua kwa namna mbili. Kuna anayenunua kwa kupenda: huyu anakuja na wenzake, anapiga kelele, anaweka kidogo, anarudi tena kesho yake na kingine kidogo. Watu wa Kasongo waliipenda timu yao hivyo, na miaka mingi walikula hasara kwa bei ndogo huku wakifurahi. Halafu kuna anayenunua kwa kujua. Huyu anakuja kimya, anaweka kingi mara moja, na hana haja ya kubishana na wewe.

"Ukimuona ule wa pili," akasema, "usimuulize anajua nini. Hatakwambia. Ushushe bei kwanza, utauliza nyuma."

Niliyashika maneno hayo. Niliyafuata kwa miaka. Siku niliyotakiwa kuyafuata kuliko zote, sikuyafuata, na sababu yake ilikuwa heshima.

Wakati huo nilikuwa ninaposa. Msichana aliitwa Feza, binti wa mzee Lubamba, Mbangubangu mkulima kutoka sehemu za Wamaza, ambaye mara kwa mara alileta karanga zake kwenye soko la Kasongo. Mahari aliyotaja ilikuwa mbuzi wanane. Nilikuwa nimekusanya sita, nimewafunga nyuma ya nyumba ya mjomba wangu. Nilikuwa na haraka, kwa sababu karani mmoja wa Kambi naye alikuwa amepeleka maneno kwa Lubamba, na karani yule hakuhitaji kukusanya mbuzi mmoja mmoja. Kambi tuliita ule mgodi wa dhahabu wa upande wa Salamabila.

Kambi ilikuwa na timu. Wachezaji wake walikula posho ya mgodi, samaki na mchele na mawese, na walikuwa na viatu. Msimu uliotangulia walitufunga hadi watoto wakaacha kuokota mipira nyuma ya goli, wakaenda zao. Basi iliposikika kwamba wanakuja tena Kasongo, hata wale wenye kupenda waliogopa. Nilitangaza bei: Kambi, weka vitano uchukue sita. Kasongo, kimoja kwa vinne. Mji mzima ukawekea Kambi, kwa aibu kidogo, wakiangalia pembeni.

Jumamosi alasiri, siku moja kabla ya mchezo, nilikwenda kwenye kibanda cha soko wanapofikia watu wa Wamaza, kumsalimu Lubamba. Alikuwa na wenzake, wamekaa juu ya mizigo yao ya karanga. Nilipiga magoti, nikashika mkono wangu wa kulia kwa wa kushoto, nikasalimu. Kwetu kijana anayeposa hamtazami usoni baba wa msichana. Anatazama chini. Kwa hiyo nilikuwa nikiijua mno miguu ya mzee Lubamba, na uso wake kwa kuupitia tu kwa jicho.

Tukiwa pale ngoma ya mti ikaanza kulia mbali, upande wa mashariki, ikapokewa na nyingine ya karibu. Mimi ni Mzimba, nilisomeshwa na mapadri. Ngoma ya Wabangubangu kwangu ilikuwa kama mtu anayepasua kuni. Wale wazee walitega sikio, kisha wakaendelea na mazungumzo.

"Baba," nikauliza kwa adabu tu, "ile ngoma iko inasema nini?"

"Iko inasema habari ya barabara," akajibu Lubamba.

Nikafikiri ni watu wanaitwa kwenye kazi ya kulima barabara, kama kawaida ya serikali. Nikaaga.

Kesho yake, kabla misa ya pili haijatoka, nilikuwa mezani. Lori la Kambi lilikuwa limeingia asubuhi ile, nami nilikwenda kuliona, kwa sababu mtu wa pari lazima aone wachezaji kabla ya kufunga bei. Niliona jezi zilizofuliwa. Niliona viatu vimepakwa mafuta, vimening'inia mabegani. Niliona pia kwamba wengine walishuka wakishikiliana, mmoja baada ya mwingine, polepole, nikasema moyoni ni safari ndefu imewakaza. Nilitazama walichovaa, sikutazama walivyoshuka. Mkikumbuka jambo moja tu kwenye hadithi hii, kumbukeni hilo.

Basi wakaja watu wa Wamaza. Hawakuwahi kucheza pari kwangu hata siku moja. Walikuja pamoja, kimya, Lubamba mbele, na mizigo yao yote ya karanga, ile waliyotembea nayo siku nzima na zaidi ili waiuze. Waliishusha mbele ya meza.

"Kasongo," akasema Lubamba. "Sisi wote."

Nilikadiria. Mizigo ya wenzake niliweza kuibeba, maana chumvi iliyowekwa kwa Kambi ilikuwa imejaa beseni mbili na ingetosha kuwalipa. Mzigo wa Lubamba peke yake ulibaki. Ulikuwa mkubwa, tukakubaliana ni sawa na mbuzi wawili.

Ng'ambo ya barabara nikamwona Mama Zaina amesimama na ungo mkononi. Akavuka.

"Mimi siko ndani ya kamari yako," akaniambia sikioni. "Lakini bei yako iko mubaya. Hawa watu hawapendi Kasongo, hawana hata mutoto mumoja ndani ya ile timu. Ushushe. Sasa hivi, mbele hujapokea."

"Mama, ni baba wa Feza."

"Hata kama ni baba wa mufalme."

Yeye alikuwa mfanyabiashara, mimi nilikuwa mkwe mtarajiwa. Kwetu mkwe habishani bei na baba wa msichana. Akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili, na neno ulilokwisha kulitamka mbele yake hulirudishi mdomoni. Kumwambia, "Baba, kwako wewe si vinne tena, ni viwili," ingekuwa sawa na kumwambia simwamini, na siku hiyo hiyo karani wa Kambi angepata habari njema. Nilijua nilichokuwa nikikifanya ni kosa la kazi. Nilifikiri ni gharama ya adabu, nikategemea viatu vya Kambi viniokoe.

"Kama Kasongo inashinda, utanilipa na nini?" akauliza Lubamba.

"Niko na mbuzi, Baba."

"Mbuzi gani?"

"Unawajua, Baba."

Akausogeza mzigo wake karibu na meza. Angekuwa mtu mwingine yeyote, ningeinua macho nione anafikiri nini. Mwenye kupokea pari anatakiwa kutazama uso. Mimi niliendelea kutazama miguu. Nikaupokea mzigo wake kwa mikono miwili.

Mpira ulianza vizuri kwangu. Kambi walifunga mapema, goli safi, pasi tatu na shuti moja. Kasongo walikimbia kama kuku. Nilianza kuhesabu karanga nitazifanya nini, na jinsi ya kumrudishia baba mkwe mzigo wake bila kumwaibisha, kwa sababu niliogopa kushinda karibu sawa na kushindwa.

Mapumziko yalipofika, Kambi walilala chini. Si kukaa, kulala, wote, chali, viatu vikiangalia mbingu. Mmoja aliomba ndizi kwa mama aliyekuwa akiuza, akala mbili bila kutafuna vizuri. Wakati wa kurudi uwanjani, refa alipuliza mara mbili na bado wawili walikuwa wakivutwa mikono na wenzao.

Ndipo nikamgeukia Lubamba, aliyekuwa karibu yangu akibandua muhogo wa kuchoma.

"Baba, jana ngoma ilisema nini juu ya barabara?"

Akamaliza kubandua kwanza.

"Ilisema nyumba inayotembea imelala ndani ya matope, pale daraja limekatika. Ikasema watoto wa shimo la muchanga wanaivuta tangu juzi, chakula yao imeisha. Iliita watu na kamba."

"Hukuniambia, Baba."

"Uliniuliza, nikakujibu. Nikasema barabara."

Na ni kweli alisema barabara. Mpaka leo sijaona pa kumshika.

Kipindi cha pili sina haja ya kukieleza sana. Miguu iliyovuta lori siku mbili haiwezi kukimbia saa moja na nusu. Kasongo walisawazisha, kisha wakafunga la pili mipira ikipita mbele ya mabeki wa Kambi waliokuwa wakiitazama tu. Mji ukalia kwa furaha na kwa hasara kwa pamoja, kwa sababu karibu wote walikuwa wamewekea wageni. Niliona wanaume wakikumbatiana na kulaani.

Nilirudi mezani. Vijana wawili watatu niliowazoea walinifuata na ushauri: niseme pari imevunjika, wageni hawakuwa na afya, watu wa Wamaza walikuwa na siri. Wengi wangenishangilia, maana wangerudishiwa chumvi yao. Na mbuzi wangu wangebaki walipo. Kusema kweli, nilitaka sana. Nilimpenda Feza, na nilikuwa naona kabisa njia ninayompoteza: bila mbuzi, karani yuko pale.

Mama Zaina hakuvuka safari hii. Alisema kutoka mlangoni kwake, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Ulipe leo, wakiwa bado hawajafunga mizigo. Kesho hakuna mutu atakuletea hata kikombe. Na siri siyo wizi. Walitembea, walisikia, waliweka karanga yao yote. Wewe ulisikia ile ngoma sawa na wao."

Nililipa. Wenzake Lubamba waliondoka na chumvi ya mji mzima, wengine wakaifunga hata ndani ya kanzu. Lubamba nilimrudishia mzigo wake, kisha nikaenda kwa mjomba nikawaleta mbuzi sita wote, nikawakabidhi kamba kwa mikono miwili, nimepiga magoti. Aliwakagua meno, mmoja mmoja, kama hajawahi kusikia habari zao.

"Baba," nikasema, "hawa walikuwa wa Feza."

"Hapana. Walikuwa wako. Sasa iko wangu. Wa Feza utawaleta."

Nikainamisha kichwa zaidi. Nilisikia uchungu ambao siwezi kuupamba. Kisha miguu ile niliyoijua ikasogea karibu.

"Ule karani," akasema, "nitamwambia hapana. Niliona leo namna unalipa. Lakini mbuzi ni wanane, na sitapunguza."

Ilinichukua mavuno mawili ya mpunga. Nilipunguza pari, nikawa nafunga bei mapema, na nikajifunza ngoma ya Wabangubangu kutoka kwa muuza samaki mmoja, kwa malipo. Sheria yangu tangu hapo ilikuwa moja: usipokee pari kwa mtu ambaye huwezi kumkatalia. Iwe ni baba mkwe, iwe ni rafiki, iwe ni hiyo simu ambayo hamuwezi kuiweka chini.

Nilipotafuta mbuzi, wauzaji wa karibu wote walikuwa wameishiwa, mbuzi walikuwa adimu mwaka ule. Aliyekuwa nao wazuri ni mkulima mmoja wa Wamaza, ambaye mbuzi wake walizaa vizuri. Nilikwenda kwa Lubamba na chumvi yangu, nikanunua wanane, wengi wao watoto wa mbuzi wangu mwenyewe, nilizijua rangi zao. Kwa kuwa mkwe habishani, nililipa alichotaja. Nililala kwa jamaa zake pale pale, na asubuhi nikawaswaga mbuzi wale hatua chache hadi mlangoni kwake, nikapiga magoti, nikatoa mahari. Alikagua meno tena.

Kwa hiyo Feza nilimlipia mara mbili. Mara ya pili kwa bei ya baba yake. Mara ya kwanza kwa bei niliyoitangaza mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu. Nikimkumbusha, yeye huendelea kupepeta mchele wake, halafu anasema zote mbili zilikuwa za chini.